Ratiba ya Mwanachuo Nayo Ni Maudhui

Naandika kutoka Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, huku juu Ufipa ambako baridi ya Juni na Julai humfanya mtu aseme maneno machache ili ausitiri mdomo. Leo nitausitiri kidogo tu. Nina ugomvi, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ni juu yangu mwenyewe.

Kila tunapokutana wazee wa kalamu, haukawii kusikika wimbo ule ule. Vijana wa vyuo hawatungi. Hawasomi diwani. Hawajui tofauti ya tarbia na takhmisa. Ukiwauliza sababu, jibu lao ni moja: "Niko bize." Basi nasi hutikisa vichwa, tukaagiza chai nyingine, tukaikumbuka enzi yetu kana kwamba sote tulikuwa malenga. Nimeuimba wimbo huo kwa miaka mingi. Leo najitoa katika kwaya, na nitaeleza kwa nini. Naamini kijana wa chuo ana muda wa shairi. Kinachomkosekania ni shairi lenye nafasi ya kuipokea siku yake, na waliolifunga mlango shairi hilo ni sisi.

Miaka michache iliyopita, muda si mrefu baada ya kustaafu, niliombwa kuwa mmoja wa waamuzi wa shindano la mashairi la wanachuo wa ualimu. Ilikuwa ni kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, ile ambayo UNESCO iliitangaza Novemba 2021 nasi tukaipokea kwa vifijo. Nililetewa bahasha nene. Nilipoifungua, nikakuta karibu mashairi yote ni shairi moja lililoandikwa na watu wengi: Kiswahili ni lulu, Kiswahili ni tunu, Kiswahili ni asali, kimevuka mito na mipaka, tukienzi daima. Katikati ya lundo hilo palikuwa na karatasi iliyochanwa daftarini, ya binti wa mwaka wa kwanza, yenye beti tatu. Ubeti wake wa kwanza ni huu:

Sare moja ya chuoni, usiku ninaifua,
Naianika kambani, baridi yaikamua,
Asubuhi i majini, naivaa, naugua,
Jua, toka mawinguni, kengele yanichukua.

Nikahesabu mizani: 16 kila mshororo, nane kwa nane. Vina vya kati vimekaa, vya mwisho vimekaa. Nikampa alama zote za arudhi. Nilipofika kwenye maudhui nikaishika kalamu nyekundu, nikaandika: "Maudhui hayana uzito. Shairi lifunze. Tunga juu ya elimu, umoja au lugha yetu." Kisha, pembeni mwa mshororo wa pili, nikaongeza: "Baridi haikamui." Mimi niliyefundisha tashihisi kwa zaidi ya miaka thelathini, niliyewaandikia wanafunzi ubaoni kwamba mshairi hukipa uhai kitu kisicho uhai, nilimkosoa binti kwa sababu baridi yake ilikuwa na mikono. Mshindi tuliyempa zawadi alikuwa na lulu tatu na asali mbili.

Mwaka uliofuata nilikwenda katika shule ya msingi mojawapo ya humu wilayani kumpelekea mjukuu wangu daftari alilolisahau nyumbani. Nikapita kwenye dirisha la darasa la sita. Mwalimu wa mazoezi, mwanachuo aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, alikuwa akifundisha ushairi. "Andikeni," alisema. "Shairi ni utungo wenye vina na mizani. Nukta. Ubeti ni kifungu cha mishororo. Nukta." Watoto waliandika, vichwa vimeinama, na chaki ikaendelea. Katika kipindi kizima sikusikia ubeti hata mmoja ukisomwa. Kengele ilipolia mwalimu akatoka, akanitambua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bado unatunga?"

Akatabasamu kwa adabu. "Hapana, Mwalimu. Siku hizi niko bize."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi nikalihesabu kuwa udhuru wa wavivu. Siku ile nililisikia vingine. Lilikuwa pazia analolishusha binti mwenye adabu ili asimwaibishe mzee. Nami nikaenda nyumbani nikiwahesabu wale watoto wa darasa la sita. Kila mmoja wao atakua akiamini kwamba shairi ni imla yenye nukta nyingi. Hivyo ndivyo fani hufa katika nchi: mwamuzi huikata kwa mwanachuo mmoja, mwanachuo akiwa mwalimu huikosa mkononi, na darasa zima huondoka mikono mitupu.

Sasa tuulize: je, binti yule hakuwa na shughuli kweli? Alikuwa nazo. Tuitazame siku ya mwanachuo wa ualimu kama ilivyo, bila kuipaka rangi. Huamka saa kumi na moja alfajiri, kama si mapema zaidi, ili awahi maji. Kuna mchakamchaka, kuna usafi wa mazingira, kuna gwaride, kisha vipindi hadi alasiri. Bwaloni kuna foleni ya ugali na maharage. Jioni kuna michezo au zamu ya bustani, na usiku kuna kujisomea. Akienda kwenye mazoezi ya kufundisha huongezewa azimio la kazi, andalio la somo kwa kila kipindi, na zana za kufundishia ambazo huzitengeneza kwa maboksi na vizibo vya chupa. Juu ya yote hayo kuna simu ya mama inayosema mbolea imepanda bei, na simu ya mdogo wake anayeuliza kama kuna chochote cha kutuma. Mtu huyo amebanwa. Anayemwita mvivu hajalala bwenini siku za karibuni.

Lakini itazameni tena siku hiyo kwa jicho la mshairi. Foleni ya maji kabla ya jogoo, ndoo zikiwa zimepangwa badala ya watu wenyewe. Andalio la somo lililoandikwa vizuri kwa ajili ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Mkufunzi anayeketi nyuma ya darasa na fomu ya tathmini, na kijana aliye mbele ambaye chaki inamtoka jasho. Vizibo vya chupa vinavyogeuka kuwa hesabu. Haya yote ni mishororo inayosubiri mtu wa kuihesabia mizani. Yule binti aliiona mishororo hiyo. Sisi tuliomwamua hatukuiona.

Ngoja niliguse hilo neno "bize", kwa kuwa najua wengi wenu limewakereketa koo tangu aya ya pili. Mimi nalo halinipendezi, ila kwa sababu tofauti na ile ya kawaida. Wengi hulikataa kwa kuwa ni la kukopa. Kiswahili kimekopa meza, shule, kitabu na dirisha, wala hatujafa kwa madeni hayo. Kosa la "bize" ni kwamba hufunga mazungumzo. Mtu akikuambia "niko bize", huna la kumuuliza. Akikuambia "nina shughuli", ulimi wenyewe unakusukuma umwulize, "Shughuli gani?" Naye itambidi aeleze, na katika kueleza ndimo shairi hupatikana. Tuna pilikapilika, hekaheka, mshikemshike, purukushani na kukurukakara, na kila moja ina mwendo wake na kelele yake. Mwenye hekaheka hafanani na mwenye purukushani. Kijana aliyeyapoteza maneno haya amepoteza namna tano za kuieleza siku yake. Nani angempa kama si sisi? Je, tumewahi kumwomba aitungie mbeti purukushani ya asubuhi bwenini? Tulimwomba lulu.

Wako wanaosema ushairi huhitaji utulivu, na mtu mwenye ratiba iliyobanwa asubiri mpaka apate nafasi. Hao wameisahau asili ya fani yao. Wazee wa pwani waliziita tungo zao kwa majina ya kazi. Kimai ni wimbo wa mabaharia. Wawe ni wimbo wa wakulima. Hodiya ni wimbo wa kazi, wa mikono inayovuta, inayotwanga na inayobeba. Mizani ilizaliwa pamoja na mchi na kasia, na vina viliwekwa ili mtu asiye na karatasi aweze kuyabeba maneno kichwani huku mikono ikiendelea. Ubeti wa mishororo minne ni chombo cha mtu mwenye shughuli nyingi. Waweza kuutunga kutoka bwenini hadi bwaloni. Ukifika kwenye foleni unao wote, na hakuna atakayekunyang'anya.

Tuwatazame na wakubwa wetu. Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa serikali ya kikoloni karibu maisha yake yote ya utu uzima, kuanzia forodha hadi ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Alitunga akiwa mtumishi wa kuamrishwa. Mathias Mnyampala alifanya kazi za mahakama. Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, kisha akawa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria, na alifariki mwaka 1964 kabla hajatimiza umri ambao wengi wetu hapa tulianza kujiita malenga. Haji Gora Haji wa Tumbatu alikuwa mtu wa bahari na wa kazi za sulubu kabla diwani yake ya Kimbunga haijatoka mwaka 1994. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kati ya 1969 na 1972, akaziandika tungo za Sauti ya Dhiki kwa siri kwenye karatasi za chooni. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesubiri apewe likizo.

Na kama mtaniambia kwamba hao walitunga juu ya mambo makubwa, nitawapeleka Mombasa, kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840. Wachunguzi wa ushairi wetu wamemsifu hasa kwa jambo moja: aliutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake, akauleta sokoni. Alitunga vita na siasa za mji wake, naam, lakini pia alitunga mapenzi, biashara, ukata na mambo ya nyumbani. Leo tunamwita bingwa. Angeingia katika shindano letu la Julai 7, kalamu nyekundu ingemwambia kwamba maudhui yake hayana uzito.

Tulifikaje hapa? Nina jibu langu, na najua halitawafurahisha wote. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, ngonjera za Mnyampala ziliingia shuleni kwa nguvu. Zilikuwa na kazi yake, nazo ziliifanya: ziliwapa watoto wa bara, ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao, jukwaa la kukisema kwa sauti. Sitaudharau mchango huo hata kidogo. Lakini wakati ulipita, desturi ikabaki. Shairi likawa chombo cha kupokelea wageni. Akija mkuu, litungwe shairi. Ukifunguliwa mradi, litungwe shairi. Mwanafunzi akajifunza kwamba shairi husemwa mbele ya meza yenye kitambaa cheupe, na kwamba yeye mwenyewe, mwenye sare moja, hamo ndani yake.

Nami nililelewa humo. Nilisoma ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa imetoka katika vita vya Kagera na maduka yakiwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Nilikuwa mtunzi wa chuo. Nilitunga ngonjera za kupokelea wageni nisizoweza kuzihesabu, na leo, nikijikuna kichwa usiku kucha, sikumbuki hata mshororo mmoja. Ninachokikumbuka ni mche wa sabuni. Tulikuwa sita chumbani, na mche mmoja ulipopatikana tuliulaza juu ya sanduku, tukaukata kwa uzi ili usipoteze hata chembe. Mmoja akashika ncha hii na mwingine ile, na wanne tukainama tukikodoa macho kuhakikisha vipande vinalingana. Hapo palikuwa na usawa, ujamaa, uchu, urafiki na kicheko, vyote juu ya sanduku moja. Palikuwa na Azimio zima. Sikutunga hata ubeti. Nilikuwa bize, nikitunga ngonjera ya kuusifu ujamaa.

Mnaona hasara ilipo? Miaka ile ina ripoti, ina hotuba na ina takwimu. Mjukuu wangu akitaka kujua mwanachuo wa wakati ule aliionaje sabuni, hatapata jibu katika ushairi wa Kiswahili kutoka kwangu. Nilikuwa shahidi, nikakaa kimya kwa mizani 16.

Husemwa kwamba shairi lifunze. Nakubali. Lakini huo ubeti wa sare haufunzi? Unafunza kwamba mwalimu wa kesho ana sare moja. Unafunza kwamba huifua usiku kwa kuwa mchana ameivaa. Unafunza kwamba hatarajii msaada wa mtu, ndiyo maana analililia jua. Na unafunza kwamba kengele haiulizi kama umekauka. Bodi nzima ikae kikao cha siku mbili juu ya hali za wanachuo, haitatoa taarifa iliyo fupi na kamili kuliko hiyo. Tofauti ni kwamba ubeti huu haukusema "tuwasaidie wanachuo". Umekuvalisha sare mbichi, ukakuachia mwenyewe uamue la kufanya.

Sasa nije kwa walinzi wa lugha, ambao mimi ni mmoja wao. Mtasema: tukiwafungulia wanachuo mlango waandike siku zao, watatuletea lugha yao yenye vumbi la mitaani. Ni kweli wataileta. Hebu tuipeleleze kabla ya kuifukuza. Vyuoni, kusoma kwa bidii ni "kupiga msuli". Aliyelinganisha akili na msuli unaochoka na kukua kwa mazoezi alifanya kazi ya mshairi, wala hakuomba kibali. Kumkaribisha kitandani pako mwenzako aliyekosa chumba ni "kubebana". Hebu nitafutieni katika diwani zetu neno linalousema ukata na utu kwa pamoja namna hiyo. Fedha ya mkopo ikiingia ni "bumu", na neno lenyewe lina mlio wa kitu kinacholipuka mara moja kikaisha, jambo ambalo kila aliyewahi kuipata analijua. Meza zile za zege za kusomea nje zinaitwa "vimbweta", na husimuliwa kwamba jina hilo limetokana na Profesa Mbwette. Neno lilichukua umbo la ngeli ya KI-VI kana kwamba lilizaliwa humo, na hakuna kamati iliyokaa. Hao ndio vijana tunaosema hawana habari na lugha.

Sisemi kila neno lao ni dhahabu. "Kudisko" na "sapu" yananifanya nifumbe macho, na prezentesheni hunitoa usingizini. Lakini mmeisahau dawa tuliyo nayo wenyewe, nayo ni arudhi. Mwambieni mwanachuo atunge kipande cha mizani nane juu ya kesho yake. Ataanza: "Kesho nina prezentesheni". Akihesabu atapata tisa. Atajaribu kuisukuma na kuibana, atakasirika, mpaka mwishowe atatafuta neno jingine: "Kesho nina wasilisho". Nane kamili. Hakuna mwalimu aliyemkaripia wala bango la "Kienzi Kiswahili" lililotundikwa ukutani. Mizani ndiyo iliyompeleka kwenye kamusi, naye akarudi na neno alilolihitaji, na neno linalohitajiwa halisahauliki. Kisha mwenzake ataandika "Sote tuko kimbwetani", atapata nane, na kimbweta kitakuwa kimepita mtihani. Arudhi ni ungo. Hupepeta pumba na kuacha punje, ila sharti kwanza mtu atie nafaka. Sisi tumewakabidhi vijana ungo mtupu, tukawaambia waucheze kwa adabu.

Na kama kijana atakuja na shairi huru lisilo na vina, nitasemaje? Mimi ni mtu wa arudhi, nitazikwa nayo. Hata hivyo nimeishi muda wa kutosha kuona kwamba tangu Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe atoe Kichomi mwaka 1974, sisi tumetumia wino mwingi kubishana kama kile ni shairi kuliko wino tulioutumia kutunga. Mwacheni kijana aandike alichokiona leo. Akishakuwa na la kusema, tutakuwa na pa kuanzia ubishi wetu.

Huku kwetu Ufipa jambo hili lina uzito wa pekee, na naomba wenzangu wa pwani wanivumilie. Mtoto wa Matai hulia, hucheka na huchumbia kwa Kifipa. Kiswahili hukipata darasani, kanisani, sokoni na ofisini. Ni lugha yake kwa haki zote, lakini mara nyingi anaijua kama mtu anavyoijua nguo ya sikukuu: ameikunja vizuri, huitoa siku maalumu, na huogopa kuichafua. Nguo isiyovaliwa shambani haizoei mwili. Tukimfundisha kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa lulu na asali tu, tunaikunja nguo hiyo zaidi. Siku atakapotunga kwa Kiswahili juu ya safari ya kwenda chuoni na gunia la mahindi, juu ya upepo wa uwanda unaopenya vidirisha vya bweni, au juu ya lori linaloteremka Kasanga bandarini nyakati za usiku likimwamsha kabla ya kengele, siku hiyo Kiswahili kitakuwa kimelala kwake na kuamka kwake. Mnyampala alikuwa Mgogo. Amri Abedi alitoka ufukweni mwa Tanganyika, ziwa hili hili letu. Hawakukipokea Kiswahili kama wageni waliokaribishwa ukumbini na kuambiwa wasiguse vyombo.

Basi nitoe madai yangu, maana ugomvi usio na madai ni kelele.

Kwa waandaaji wa mashindano: futeni orodha ya mada. Andikeni sharti moja tu, kwamba shairi liwe na kitu kimoja ambacho mtunzi amekigusa kwa mkono wake wiki hiyo. Anayetaka kukisifu Kiswahili akisifu kwa kukitumia. Tumetunga mashairi mengi mno ya kuisifu sufuria, na jiko limepoa.

Kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu: msimpeleke kijana darasani kufundisha ushairi kama hajawahi kutunga. Ubeti mmoja kwa wiki hauvunji ratiba ya mtu. Usomwe kwa sauti, ukosolewe mizani yake, na yule mwenye kukosoa aulize swali hili kabla ya mengine: uliliona wapi jambo hili?

Kwa waamuzi wenzangu: tuiweke kalamu nyekundu mezani kwa muda wa kuusoma ubeti mara mbili. Baridi hukamua. Tokeni nje ya nyumba zenu alfajiri moja ya Julai huku Ufipa, mtajua.

Na kwako mwanachuo uliyefika mpaka hapa, pengine ukiwa foleni, simu mkononi: usijibu tena kwamba uko bize. Sema una shughuli gani. Itaje. Ihesabie mizani. Ukikosea, anza upya kesho, kwa kuwa kesho nayo itakuwa na foleni.

Nilimtafuta yule binti. Nilikuwa bado na bahasha ile, kwa sababu wazee hatutupi karatasi. Nikampelekea nakala ya ubeti wake wa kwanza niliyoiandika upya kwa mkono wangu, bila wino mwekundu, nikamwomba radhi mbele ya mwalimu mkuu wake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akanyamaza. Nilimuuliza juu ya beti mbili zilizofuata, kwa kuwa ile karatasi yake ilikuwa imelowa sehemu ya chini na wino ukawa umeenea. Alifikiri kidogo. "Sizikumbuki, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa na daftari. Nilipopata majibu ya shindano nilianzia nalo moto wa mkaa."

Ameniruhusu niuweke hapa huo mmoja uliosalia, bila jina lake. Nami nimeuweka juu kabisa ya ugomvi wangu ili muupime wenyewe. Zile mbili nyingine ziliishia jikoni, zikaivisha chai ya watu fulani asubuhi moja, na waliozichoma ni sisi.